Namna ya kuandaa kambi ya mazingira kwa watoto wa vijijini

Katika nyaraka za ustawi wa jamii nchini Tanzania, yatima, watoto wa kaya fukara na wale wanaolelewa na bibi zao huitwa watoto wanaoishi katika mazingira magumu. Neno ni lilelile tunalolitumia tunapozungumzia misitu, mito na wanyamapori, na anayetaka kuandaa kambi ya elimu ya mazingira kwa watoto hao ni vyema azichukue maana zote mbili kwa pamoja. Mtoto anayetembea saa nzima kufuata maji, au anayekesha juu ya dungu ili tembo wasiingie shambani, hana haja ya kuelezwa kwamba mazingira yapo. Anachokosa ni nafasi ya kuyatazama bila mzigo kichwani, na mtu wa kumsaidia kuyaunganisha anayoyajua na asiyoyajua.

Mwongozo huu unahusu kambi ya usiku 4 kwa watoto 24 hadi 32 wenye umri wa miaka 10 hadi 14, katika vijiji vinavyopakana na hifadhi au msitu. Mifano mingi ni ya Tanzania, lakini hatua zenyewe zinaweza kufuatwa popote barani Afrika penye vijiji vya namna hiyo.

Kijijini kwanza

Kazi huanza miezi 4 au 5 kabla ya kambi, na mahali pa kuanzia ni ofisi ya kijiji. Mweleze mtendaji na mwenyekiti wa kijiji nia yako, kisha uombe nafasi ya kuzungumza katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida huitishwa kila baada ya miezi 3. Ukiukosa mmoja, ratiba yako yote inasogea. Sambamba na hilo, peleka barua kwa afisa elimu kata na kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Barua hizo si urasimu mtupu. Siku mtoto atakapougua, au mzazi atakapohoji mwanawe amepelekwa wapi, zitakuwa ndizo ushahidi kwamba hukuwachukua watoto wa watu kwa siri.

Tafuta pia kama shule ya hapo ina klabu ya mazingira. Klabu za Malihai zimekuwapo Tanzania tangu mwaka 1980, na Roots & Shoots ilianzishwa na mtafiti wa sokwe Jane Goodall jijini Dar es Salaam mwaka 1991 akiwa na wanafunzi 12; nchini Kenya, vilabu vya wanyamapori vya wanafunzi vina historia inayorudi nyuma hadi mwaka 1968. Klabu iliyo hai, hata kama ina mwalimu mmoja na ndoo mbili za kumwagilia, ina thamani kubwa kuliko hema jipya, kwa sababu ndiyo itakayobaki na watoto baada ya wewe kuondoka.

Kuchagua watoto ndilo jambo linaloharibika kwa urahisi zaidi. Katika kambi yangu ya kwanza tuliwaachia walimu wapendekeze majina kwa siku moja, nao wakatuletea watoto wasafi, wachangamfu na wenye kuongoza darasani, wengi wao wakiwa wa familia ambazo zingeweza kuwapeleka popote. Kosa lilikuwa letu, kwa maana tuliomba majina bila kutoa vigezo. Siku hizi nashauri majina yatoke pande tatu: walimu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao huingia hadi majumbani, na uongozi wa kijiji unaozijua kaya zilizo katika mpango wa kunusuru kaya maskini unaosimamiwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Jina linalotajwa na pande mbili kati ya hizo huwa na uzito. Hakikisha wasichana ni nusu, na watoto wenye ulemavu wamehesabiwa tangu mwanzo badala ya kukumbukwa mwishoni wakati njia, vyoo na vitanda vimekwisha kupangwa bila wao.

Yupo mtoto mwingine ambaye haonekani kwenye orodha yoyote, naye ni mchungaji. Mara nyingi huijua nyika kuliko mwezeshaji, lakini hawezi kuja kambini kwa sababu ng'ombe hawana likizo. Suala hili lipelekwe mkutanoni waziwazi: nani atachunga kwa siku hizo tano? Nimeona wajomba na majirani wakijitokeza kupokezana pale walipoulizwa kwa heshima mbele ya wenzao, ilhali ombi kama hilo likipelekwa nyumbani kwa faragha hujibiwa kwa kimya. Hali ni hiyohiyo kwa tarehe. Likizo ya Juni hufaa kwa kuwa mvua za masika zimekwisha, lakini sehemu nyingi ndio wakati wa kuvuna na kuamia ndege. Waulize wazazi kabla ya kuchapisha tangazo.

Katika matangazo, iite kambi ya watoto wa kijiji. Usiiite kambi ya yatima wala ya maskini, kwa sababu jina hilo mtoto atarudi nalo nyumbani na kuitwa nalo na wenzake mwaka mzima.

Fomu ya ridhaa isomwe kwa sauti kwa mlezi asiyejua kusoma, kwa lugha anayoielewa, kabla hajaweka dole gumba. Ieleze watoto watalala wapi, nani atalala karibu nao, watakula nini na watarudi lini. Ndani yake kuwe na sehemu ya afya: kifafa, pumu, dawa za kila siku. Baadhi ya watoto hutumia dawa ambazo hata kaka zao hawajui ni za nini. Taarifa hiyo akae nayo matroni peke yake, na dawa zitolewe mahali pasipo na macho ya wengine.

Mahali na usalama

Watu hupenda mahema. Mimi, kwa kambi ya kwanza, ningechagua bweni la shule ya sekondari wakati wa likizo: kuna vyoo, kuna jiko, kuna mlango unaofungwa. Chaguo jingine ni kambi ya watalii wakati wageni ni wachache. Mpango wa Children in the Wilderness ulianza kwa namna hiyo nchini Botswana mwaka 2001, ambapo kambi za utalii zilifungwa kwa wageni kwa siku kadhaa ili watoto wa vijiji vya jirani walale katika vitanda vilevile walivyokuwa wakilala watalii. Popote utakapochagua, zahanati au kituo cha afya kiwe umbali usiozidi nusu saa kwa gari, na gari lenyewe liwepo kambini usiku na mchana likiwa na mafuta.

Kwa kila watoto 8 awepo mtu mzima mmoja, na kati ya watu wazima hao wawepo wanaume na wanawake. Sheria isiyo na mjadala ni kwamba hakuna mtu mzima atakayebaki peke yake na mtoto mmoja mahali palipofichika, awe mfadhili, mwalimu au kiongozi wa dini. Wafundishe watoto siku ya kwanza kwamba wanaweza kumwambia matroni jambo lolote, na kwamba namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, Tanzania na Kenya pia. Kambi huwapa watoto nafasi ya kusema yale ambayo nyumbani hayasemeki. Mtoto akikueleza kwamba anapigwa au ananyanyaswa, sikiliza, usimhoji kama polisi, usimwahidi siri, na umfikishie taarifa afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo.

Hatari za porini zina taratibu zake. Watoto wavae viatu, watumie tochi usiku, na wasiingize mkono kwenye shimo au chini ya gogo. Aliyeumwa na nyoka alazwe, kiungo kilichoumwa kisitikisike, na akimbizwe hospitali. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Sumu ya swila ikiruka machoni, osha kwa maji mengi. Aliyeng'atwa na mbwa au mnyama mwingine aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kupata chanjo ya kichaa cha mbwa. Chandarua kwa kila kitanda. Kuogelea kwenye mabwawa na madimbwi kupigwe marufuku kwa sababu ya kichocho, na katika mito na maziwa yenye mamba sababu haihitaji maelezo.

Siku ya kwanza

Usihutubie. Watoto wamefika wakiwa wamechoka, baadhi hawajawahi kulala nje ya nyumba yao hata mara moja, na wengine wamevaa nguo za kuazima. Wape vitu vinavyofanana: blanketi, mswaki, sabuni, na taulo za kike kwa wasichana wote bila kuwauliza nani amekwisha kuvunja ungo. Chakula cha jioni hiyo kiwe cha kawaida na cha kiasi, kwani mtoto aliyezoea mlo mmoja kwa siku akipewa sahani iliyofurika huumwa tumbo usiku. Utawaona wengine wakificha vipande vya mkate au nyama mifukoni. Wanawawekea wadogo zao. Usimkemee mtoto huyo wala usimtaje hadharani. Mhakikishie kwamba siku ya kuondoka kila mmoja atapewa furushi la kwenda nalo nyumbani, nawe utimize.

Kazi ya kwanza ya mikono iwe kutengeneza kibuyu chirizi, kwa sababu inafunza mengi bila somo. Chukua dumu la lita 5, litoboe kwa msumari uliopashwa moto, kiasi cha sentimita 10 hivi juu ya kitako, ulining'inize kwenye mti mlalo uliowekwa juu ya nguzo mbili za panda, kisha ufunge kamba kutoka shingoni mwa dumu hadi kwenye kijiti cha kukanyagia kwa mguu. Dumu huinama, maji huchirizika, mikono haigusi kitu. Ukiweka kokoto chini, hapatakuwa na tope. Ndani ya saa moja watoto watakuwa wamefahamiana, na kambi itakuwa imepata mahali pa kunawia palipojengwa na wao wenyewe.

Kuanza na wanayoyajua

Asubuhi ya pili, gawa kamba za mita 4 na vijiti vinne kwa kila kundi la watoto wanne, wazungushie mita ya mraba moja ya ardhi na wakae hapo dakika 30 wakiandika au kuchora kila kilicho hai. Jina lolote wanalolijua, kwa lugha ya nyumbani, liandikwe kwanza, Kiswahili kifuate. Usiwe na haraka ya kusahihisha. Mtoto wa Kigogo au wa Kisukuma anaweza kukutajia matumizi matatu ya mmea ambao kitabu chako kinauita magugu, na hapo mwezeshaji mwenye busara hugeuka kuwa mwanafunzi. Mwalike pia mzee mmoja anayejua miti na dawa, aandamane na watoto na alipwe posho kama wawezeshaji wengine. Kutomlipa ni kutangaza kimyakimya kwamba elimu yake si elimu.

Kutoka hapo nendeni kwenye kichuguu, halafu kwenye kinyesi cha tembo au cha ng'ombe. Wacheke, kisha wakipekue kwa vijiti: humo mna mbegu zilizoanza kuota na mbawakawa wanaoviringisha vidonge vya kinyesi na kuvifukia ardhini. Mtoto akiulizwa uwanda ungekuwaje kama hakuna anayefanya kazi hiyo, atajibu mwenyewe.

Bundi na tumbusi wana somo lao. Vijiji vingi huamini kwamba bundi akilia juu ya paa analeta msiba, na si kazi ya kambi kuwadhihaki wazazi mbele ya watoto wao. Swali linalofaa ni jingine: bundi anakula nini? Kikipatikana kidonge cha mabaki anachotapika bundi chini ya mti anapolala, watoto wakipasue na wahesabu mafuvu ya panya yaliyomo, kisha wajiulize panya wale wangekula mahindi kiasi gani ghalani. Kuhusu tumbusi, zungumzieni mizoga inayotiwa sumu ili kuua simba au fisi, na jinsi sumu hiyo inavyowaua kwa mkupuo ndege wanaosafisha uwanda.

Maji yafundishwe kwa hesabu. Kata chupa yenye pande zilizonyooka, igeuze sehemu ya juu iwe faneli, weka rula pembeni, na hicho ni kipima mvua. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la bati lenye mita za mraba 50, lita 500 zimeteremka, yaani madumu 25 ya lita 20. Waulize madumu 25 ni safari ngapi za kisimani. Sijawahi kuona somo la hisabati linalosikilizwa kwa utulivu kama hilo, na wanaolisikiliza zaidi ni wasichana.

Siku ya tembo

Siku ya tatu wapelekwe hifadhini, kwa kibali kilichoombwa kwa maandishi mapema. Wengi wa watoto hawa wanaishi karibu na mpaka wa hifadhi lakini hawajawahi kuvuka lango lake. Tembo wanayemjua ni yule wa usiku, kivuli kikubwa kinachovunja mahindi huku mama akipiga madebe. Kumwona mchana, akiwa na ndama, akichimba maji kwa mkonga mchangani, ni jambo linalowanyamazisha.

Hata hivyo jioni ya siku hiyo ndiyo inayopima uaminifu wa kambi yako. Mwezeshaji akiishia kusema kwamba tembo ni urithi wa taifa na chanzo cha fedha za kigeni, watoto wataitikia, kwa kuwa wamefundishwa kuitikia, na hawatamwamini. Waacheni waseme kwanza: nani shamba lao limeliwa, nani amefiwa, nani hakwenda shule kwa sababu njia ilikuwa na tembo. Kisha awepo afisa wanyamapori wa wilaya au askari wa wanyamapori wa kijiji wa kujibu maswali, akiwa ameandaliwa kutobishana na watoto.

Wafahamishwe mambo yalivyo. Tanzania ina kanuni za mwaka 2011 zinazoweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa, na majina hayo yanajieleza: si fidia, wala hayalingani na hasara. Mtoto akijua kwamba taarifa inapaswa kupelekwa kijijini mapema ili uharibifu ukaguliwe, amebeba nyumbani kitu ambacho pengine baba yake hakukijua. Baada ya hapo ndipo mbinu za kujikinga zinapopokewa: kamba zilizopakwa pilipili iliyochanganywa na oili chafu, tochi na honi kwa walinzi wa zamu, na uzio wa mizinga ya nyuki, ambao hutegemea jambo ambalo watoto hulifurahia sana, kwamba mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu hukimbia mlio wa nyuki. Tundikeni mzinga mmoja kwa waya kati ya nguzo mbili ili waone unavyoyumba waya unapoguswa. Sema pia kwamba mbinu hizi huhitaji matunzo na kwamba tembo hujifunza. Pilipili isiyopakwa upya baada ya mvua haina kazi.

Kitu cha kwenda nacho

Sherehe ya kupanda miti mia moja siku ya mwisho huvutia kamera, lakini miche iliyopandwa mwanzoni mwa kiangazi hufa. Pale penye visiki vinavyochipua, nashauri njia ambayo wakulima wa Dodoma wanaiita Kisiki Hai. Mtoto huchagua kisiki kilicho hai shambani au pembeni mwa uwanja wa shule, huacha machipukizi machache yenye afya na kuyapogoa mengine, hufunga kitambaa kama alama ya kwamba kina mwenyewe, na hukitunza. Haihitaji kiriba wala maji ya kumwagilia, kwa kuwa mizizi tayari ipo chini. Wasimulieni pia kuhusu ngitili za Wasukuma, maeneo ya malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yatumike kiangazi, ambayo mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 mkoani Shinyanga uliyatumia kurudisha miti kwenye ardhi iliyokuwa imebaki tupu. Ni vyema watoto wajue kwamba utaalamu huo ulitoka kwa watu kama babu zao.

Kila mtoto aondoke na ahadi moja tu, aliyoichagua mwenyewe na inayowezekana bila fedha: kibuyu chirizi nyumbani, visiki vitatu, kipima mvua. Ahadi isiyotegemea ruhusa ya mkubwa ni bora, na ile inayoitegemea izungumzwe na mlezi siku ya kuwapokea, ambapo watoto huwaonyesha wazazi walichokifanya, wala si wageni rasmi kuhutubia kwa saa mbili juani. Picha zipigwe kwa ridhaa, na isitolewe hata moja inayounganisha sura ya mtoto, jina lake na shida yake, hata kama mfadhili ataiomba.

Tenga angalau robo ya bajeti kwa ajili ya miezi inayofuata. Ikibidi kupunguza watoto ili robo hiyo ipatikane, punguza. Rudi baada ya mwezi 1, baada ya miezi 3 na baada ya mwaka, ukiwa na daftari la ahadi, na umtembelee kila mtoto nyumbani kwake pamoja na mwalimu wa klabu. Hesabu vitambaa vilivyobaki kwenye visiki, soma milimita walizoandika, uliza ni nini kilishindikana na kwa nini. Mara nyingi jibu ni mbuzi. Liandike kama lilivyo, kwa sababu kambi ijayo itabidi iwe na somo la namna ya kuzungushia kisiki miiba, na mtoto ambaye visiki vyake viliponea ndiye wa kualikwa kulifundisha.